Je, Umeme Hupozwa? Uhakiki wa Istilahi ya 'Kituo cha Kupoza Umeme'

Miongoni mwa istilahi za nishati zilizoenea nchini, 'kituo cha kupoza umeme' imetia mizizi kuliko nyingi. Imo katika taarifa za habari, katika hotuba za bajeti, katika vibao vya miradi na katika matangazo ya kukatika kwa umeme. Imezoeleka kiasi kwamba msikilizaji haulizi tena ni kitu gani hasa kinachopozwa huko. Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo, na kuonyesha kwamba jibu lake si dogo kama linavyodhaniwa. Hatuna nia ya kuwasaka na kuwalaumu walioitia istilahi hii midomoni mwa watu. Istilahi hupimwa kwa kazi inayoifanya, na hiyo ndiyo kazi tunayotaka kuitazama.

Tumeipima tukiwa Rwamishenye, kata iliyo katika Manispaa ya Bukoba, penye barabara ya kwendea Muleba. Mahali hapo panafaa kwa sababu umeme wake una historia ya safari ndefu iliyovuka mpaka wa nchi, na kwa sababu mafundi wa kuchomelea, wenye mashine za kusaga na wauza vifaa vya umeme wanakutana hapo kila siku na wanayo maneno yao. Mkusanyaji wa istilahi anayejifungia ofisini na kamusi zake aghalabu huyakosa maneno ya namna hiyo.

Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba haukutoka katika gridi ya taifa. Ulitoka Uganda, ambako mashine za mto Nile pale Jinja, katika bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, zilikuwa tegemeo kubwa kabla ya kujengwa mabwawa mengine, kama lile la Bujagali lililokamilika mwaka 2012. Njia yenye msongo wa kilovolti 132 hutoka Masaka, huvuka mpaka Mutukula, na kufika Kyaka, karibu na daraja la mto Kagera lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Kyaka ndipo msongo unaposhushwa. Kutoka hapo umeme husambazwa kwa nyaya zenye msongo wa kilovolti 33, kisha 11, hadi kwenye transfoma za mitaani, na transfoma hizo huupeleka nyumbani ukiwa na volti 230.

Kwa nini umeme usafirishwe kwa msongo mkubwa hivyo, halafu ushushwe ngazi kwa ngazi? Msomaji atuvumilie kidogo, maana bila hesabu hii hatutaweza kuihakiki istilahi kwa haki. Nguvu inayopita katika nyaya hutegemea vitu viwili vinavyozidishana, yaani msongo na mkondo. Ukiongeza msongo, waweza kupeleka nguvu ileile kwa mkondo mdogo. Tuchukue mfano wa megawati 10 zinazopelekwa kwa nyaya tatu, kama ilivyo desturi. Kwa msongo wa kilovolti 132, kila waya huchukua mkondo wa ampea 44 hivi. Kwa kilovolti 33, huchukua ampea 175. Kwa kilovolti 11, huchukua ampea 525. Na kama mtu angejaribu kuzipeleka megawati hizo kwa msongo wa volti 400 unaotumika katika nyaya za mitaani, mkondo wake ungezidi ampea 14,000, na waya wa kubeba mkondo huo kutoka Masaka hadi Bukoba usingepatikana duniani.

Sasa, kinachoupasha waya moto ni mkondo. Msongo hauna sehemu katika jambo hilo. Tena joto hilo huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukizidi mara nne, joto linalopotea njiani huzidi mara kumi na sita, kama waya ni uleule. Joto hilo ni nishati iliyozalishwa kwa gharama na ambayo haitamfikia mtumiaji yeyote. Hiyo ndiyo sababu ya kupandisha msongo kabla ya safari ndefu. Wajenzi wa njia za umeme wanaukimbia moto.

Hapa ndipo istilahi yetu inapojikwaa. Umeme unapofika Kyaka na msongo wake ukashushwa kutoka kilovolti 132 hadi 33, mkondo unaoibeba nguvu ileile huongezeka mara nne. Waya uleule ungepata joto mara kumi na sita ya lile la awali. Sisi tumekiita kitendo hicho 'kupoza'. Kwa hiyo istilahi haikosi usahihi kwa kiasi fulani tu, kama zilivyo istilahi nyingi zinazotokana na mifano ya maisha ya kila siku. Inaeleza kinyume cha jambo lenyewe. Kama tungetaka kuwa wakali, tungesema kwamba umeme husafiri ukiwa umepoa kutoka Masaka, na hupashwa moto Kyaka.

Hata hivyo yafaa kwanza tuitendee haki. Neno 'kupoza' halikuja bure. Mafundi wetu huuita waya unaoua 'waya wa moto', na katika Kiswahili kitu chenye kudhuru huwa na makali. Twasema kupoza makali ya dawa, makali ya njaa, makali ya maisha. Aliyesema 'kupoza umeme' kwa mara ya kwanza alikuwa na maana ya kuupunguzia makali, na kwa mwananchi asiyesoma fizikia picha hiyo inaeleweka mara moja. Neno ni fupi, linanyambulika vizuri, na halikukopwa. Laiti istilahi zetu zote za ufundi zingekuwa na sifa hizo tatu! Tumeona istilahi nyingi zilizotungwa kwa uangalifu mkubwa zikafia katika vitabu kwa kukosa hata mojawapo.

Lakini sifa za neno haziondoi madhara ya istilahi. Neno hili linajua upande mmoja tu wa kazi ya kituo. Katika maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera unaotenganisha wilaya ya Ngara na Rwanda, kipo kituo cha kuzalisha megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Sehemu ya Tanzania husafirishwa hadi Nyakanazi kwa msongo wa kilovolti 220. Mashine za kuzalisha umeme hazitoi msongo wa kiasi hicho. Ni lazima upandishwe palepale kwa transfoma kabla haujaingia katika njia. Uwanja wenye transfoma hizo utauitaje? Ukisema ni kituo cha kupoza umeme, umesema uongo ulio wazi. Ukisema ni kituo cha kuupasha umeme moto, watu watakucheka. Basi waandishi wa habari, kwa kukosa neno, huruka hatua hiyo kabisa. Umeme 'huzalishwa', kisha 'husafirishwa', kisha 'hupozwa', na msomaji hajapata kuambiwa ni nani aliyeutia makali. Tumewahi kumsikia kijana wa sekondari akieleza, kwa kujiamini kabisa, kwamba umeme hutoka bwawani ukiwa mkali sana kwa sababu ya nguvu ya maji, na kwamba ukipelekwa nyumbani vilevile ungeunguza kila kitu. Ndiyo maana serikali imejenga vituo vya kuupoza. Maelezo yake yalikuwa na mantiki kamili. Kosa lilikuwa katika istilahi aliyorithishwa.

Pia kuna kitu kinachopozwa kwa kweli ndani ya vituo hivyo, nacho ni transfoma zenyewe. Transfoma hupata joto inapofanya kazi, na kubwa zake hujazwa mafuta yanayoliondoa joto hilo, tena nyingine hupepewa kwa feni. Mafuta hayo yamekuwa yakiibwa mara kwa mara sehemu mbalimbali nchini, na transfoma iliyonyonywa mafuta huungua na kuuacha mtaa gizani. Maofisa wanapowaeleza wananchi kwamba mafuta hayo ni 'ya kupoza', msikilizaji aliyekwisha kufundishwa kwamba kituo 'hupoza umeme' huunganisha mambo mawili na kuamini kwamba mafuta hayo ndiyo yanayoupunguza umeme. Neno moja limetumika kwa joto halisi na kwa joto la mfano, mahali pamoja, juu ya chombo kimoja. Hakuna fani inayoweza kuvumilia istilahi ya namna hiyo.

Tahajia nayo haijatulia. Baadhi ya magazeti huandika 'kupoza' na mengine 'kupooza', na mara nyingine tahajia zote mbili huonekana katika ukurasa mmoja. Wapo watakaotetea kwamba 'pooza' limetumika tangu zamani kwa maana ya kukifanya kitu kiwe baridi. Hatuwakatazi. Lakini kwa msomaji wa leo, kupooza ni maradhi yanayomnyima mtu matumizi ya mkono au mguu, na kituo cha kupooza umeme kinasikika kama mahali umeme unapougulia. Itakuwa vema tukumbuke, ingawa ni kando ya hoja yetu, kwamba Waganda huuita umeme *amasannyalaze*, neno lenye udugu na kitenzi chao cha kufa ganzi na kupooza. Wao walimtazama mtu aliyeguswa na umeme, wakautaja kwa yale uliyomtendea. Warundi husema *umuyagankuba*, na ndani ya neno hilo mna upepo na mna radi. Sisi nasi tuliliteremsha neno la mwanga wa mawinguni, yaani umeme wa mvua, tukalitia katika waya. Jamaa zetu wa Kenya wakachukua 'stima', lililokuja na injini za mvuke. Katika majina hayo yote, hakuna hata moja linalodanganya kuhusu hatari. Istilahi inayodanganya ilikuja baadaye, pamoja na vituo.

Tunasema 'inayodanganya' kwa makusudi, kwa kuwa hilo ndilo lililotusukuma kuandika. Rwamishenye tulizungumza na mzee mmoja fundi wa kuchomelea, mtu aliyekaa na umeme kwa miaka mingi kuliko sisi tulivyokaa na vitabu. Tukamwomba atueleze tofauti ya umeme wa njia kubwa na ule unaoingia katika karakana yake. Akasema, "Wanangu, mkali ni ule wa Kyaka. Huu wa huku umeshapozwa." Tukamwuliza, "Mzee wetu, huu uliopozwa haujapata kumwua mtu unayemjua?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba anamjua mmoja.

Mzee huyo hakuwa mjinga, wala hakuwa mzembe. Alikuwa akiitumia lugha kama alivyopewa. Kilichopozwa ni kitu ambacho kimekuwa salama kukishika: uji uliopozwa hunyweka, ndizi zilizopoa hulika kwa mkono, chuma kilichopozwa huokotwa. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuamini kwamba na umeme uliopozwa hushikika. Ukweli ni kwamba volti 230 zinatosha kabisa kuupitisha mwilini mkondo wa kuusimamisha moyo, na mkondo huo haufikii hata sehemu ya kumi ya ampea. Tena nyaya za kilovolti 33 na 11, ambazo kwa lugha yetu zimekwisha 'kupozwa', hupita juu ya nguzo za miti, kando ya migomba na miparachichi ya watu, zikifanana sana machoni pa mpita njia na zile zinazoingia nyumbani. Anayeyapogoa matawi ya mti wake huipima hatari kwa macho. Akiona mnara wa chuma, anaogopa. Akiona nguzo ya mti, anaona umeme wa kijijini. Istilahi ilipaswa kumsaidia hapo, na badala yake inamwongezea ujasiri usiofaa.

Ndani ya nyumba hali ni hiyohiyo kwa njia nyingine. Tumekwisha kusema kwamba joto la waya latokana na mkondo. Nyumbani, ambako msongo ni mdogo, ndiko mkondo unakokuwa mkubwa kwa kila wati inayotumika. Waya mwembamba uliounganishwa jiko, pasi na birika kwa pamoja huweza kupata moto hadi ukawaka. Mwenye nyumba aliyeambiwa kwamba umeme wake umepozwa atautafutia moto huo sababu nyingine.

Tugeukie sasa istilahi ambazo zimefaulu, maana zipo. 'Msongo' ni mojawapo ya istilahi bora kabisa tulizo nazo katika fani hii. Inatokana na kusonga, yaani kubana na kukaza. Inabeba dhana ya kitu kinachosukumwa kipite mahali penye upinzani. Tena ina mchango wake wa maana usiohitaji kueleza mno. Inakaa vizuri pamoja na 'mkondo', ambalo kila mtu aliyewahi kuvuka mto analijua. Hali kadhalika jozi ya 'kusafirisha' na 'kusambaza' imepatikana kwa bahati njema: la kwanza kwa njia kuu zinazokwenda mbali, la pili kwa nyaya zinazogawa umeme mitaani. Mpaka kati ya maneno hayo mawili ndio mpaka uleule unaofuatwa na wahandisi, na umeingia katika matumizi bila mtu kulazimishwa.

Bahati mbaya, 'msongo' linanyang'anywa kazi yake na neno 'nguvu'. Zipo taarifa zinazosema njia ina 'nguvu ya kilovolti 400', na nyingine zinazosema kituo 'kinazalisha kilovolti' kadhaa. Hiyo ni sawa na mtu anayeulizwa mto una maji kiasi gani, akajibu kwa kutaja kimo cha maporomoko yake. Kilovolti ni kimo. Megawati ndizo nguvu. Kosa hili laweza kuonekana la wasomi tu, lakini sivyo. Mkazi wa Rwamishenye anapolalamika kwamba umeme ni 'mdogo', huenda anataka kusema kwamba taa zake hufifia jioni kwa kuwa yuko mwisho wa waya mrefu na msongo umemshukia. Dawa yake ni waya mnene zaidi au transfoma iliyo karibu naye. Au huenda anataka kusema kwamba umeme unaozalishwa hautoshi na unatolewa kwa mgawo. Dawa yake ni mashine zaidi, au njia mpya, kama ile ya kilovolti 220 iliyobuniwa kutoka Benaco hadi Kyaka ili kuuunganisha mkoa wa Kagera na gridi ya taifa. Malalamiko mawili, gharama mbili tofauti kabisa, neno moja. Mwananchi asiye na istilahi ya kutenganisha mambo hayo hujibiwa lile ambalo hakuliuliza, akaondoka akidhani amedharauliwa.

Twapendekeza nini, basi? Kwa maoni yetu, jina la jumla liwe 'kituo cha kubadili msongo'. Panapohitajika kutofautisha, kile cha Rusumo kiwe 'kituo cha kupandisha msongo' na kile cha Kyaka kiwe 'kituo cha kushusha msongo'. Maneno yote ni ya kawaida, na kila moja linataja kile kinachobadilika kwa kweli. Linapoulizwa swali, 'kinashushwa nini?', jibu limo katika jina. Tena mtu akisikia kwamba msongo umeshushwa hadi volti 230, bado atajua kwamba msongo upo.

Wapo wenzetu wanaopendelea 'kituo kidogo cha umeme'. Hatuwezi kuwaunga mkono. Jina hilo limefuata umbo la neno la kigeni bila kuitazama kazi yake, na yeyote aliyesimama kando ya uzio wa kituo cha kilovolti 220 hatakubali kwamba kina udogo wowote. Wengine watatuambia kwamba maneno matatu ni mengi ilhali wananchi wamekwisha kuzoea 'kupoza'. Hoja hii ina uzito zaidi. Hatutarajii kuwa fundi wa Rwamishenye ataacha neno lake kwa sababu ya makala haya, wala hatuna amri juu ya mazungumzo ya watu. Tunachotaka ni kwamba neno hilo lisiandikwe katika vitabu vya shule, katika tafsiri za sheria na kanuni, wala katika matangazo ya tahadhari yanayobandikwa kwenye nguzo na uzio. Matangazo hayo ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa humo neno laweza kugharimu uhai, na kwa kuwa kuyaandika upya ni kazi ya rangi na brashi.

'Transfoma' tunaliacha kama lilivyo. Limekwisha kuwa la Kiswahili, watoto wanalijua, na kulitafutia jina jingine sasa kungekuwa kuwaongezea watu mzigo bila kuwapunguzia wowote. Kuhusu 'kupoza', lirudishwe kwa mafuta na feni za transfoma.